Majina Chini ya Paa la Nyadero

Jumamosi asubuhi Beldina alikuwa akianika omena, wale dagaa wa ziwani, nyuma ya nyumba yao huko Otonglo. Mumewe, Owiti, aliingia uani akisukuma mkokoteni. Juu yake kulikuwa na kipande cha paa kuukuu, cha kijivu na kizito.

"Baba Ajwang, takataka hii umeitoa wapi?" Beldina aliuliza.

"Takataka? Hebu soma hapa."

Beldina aliinama. Upande wa chini palikuwa pamekwaruzwa kwa msumari: OPONDO 1964.

Marehemu Opondo alikuwa baba yake Owiti. Wote wawili walisoma Shule ya Upili ya Nyadero, kila mmoja kwa wakati wake. Shule hiyo ilianza na darasa moja la udongo. Wazazi wenyewe walibeba mawe ya kujengea bweni la kwanza, na paa lake likawekwa mwaka wa 1958. Bweni halikuwa na dari, na hapo ndipo desturi ilipoanzia. Kila mvulana wa kidato cha nne, kabla ya kuondoka, alipanda kitanda cha juu akakwaruza jina lake chini ya paa. Asiyekwaruza alichekwa mpaka siku anayobeba sanduku lake.

Sasa paa lilikuwa likitolewa. Mlinzi wa lango alimhurumia Owiti, akamruhusu achukue kipande chenye jina la baba yake.

"Nitakata hapa kwenye jina, nitundike sebuleni," Owiti alisema kwa fahari.

"Basi kitakachobaki nitaanikia omena," Beldina alisema.

Owiti alikohoa kidogo, kama kawaida yake, akashika msumeno.

"Bwana Owiti! Weka huo msumeno chini!"

Aliyepiga kelele ni Milka, jirani yao, afisa wa afya ya umma. Milka ni mtu wa kusalimia boma zima, hata kuku. Siku hiyo hakumsalimu mtu.

"Umeshakata?" aliuliza akihema.

"Bado. Kwani kuna nini?"

"Hiyo ni asbesto! Ikiwa nzima na imetulia, haina shida kubwa. Ukiikata, ukiivunja au ukiikwaruza, inatoa vumbi la nyuzi ndogo sana, macho hayazioni. Unazivuta, zinakaa kwenye mapafu. Mtu anaweza kuugua baada ya miaka ishirini, thelathini, hata arobaini."

Katika maneno yote hayo, Owiti alishikwa na moja tu: ukiikwaruza. Alikumbuka siku yake juu ya kile kitanda mwaka wa 1992. Vumbi lilimwagikia usoni, likaingia mdomoni, likajaa blanketini. Walicheka sana siku hiyo. Msumeno ulimtoka mkononi.

"Milka, baba alikufa kwa kifua," alisema kwa sauti ndogo. "Watu walisema amerogwa. Na mimi ninakohoa."

"Mos, pole sana, ndugu yangu. Baba hakupimwa, kwa hiyo siwezi kusema ni hii. Na si kila aliyevuta vumbi hili anaugua. Lakini wewe nenda ukapimwe. Na sigara uache, kwa sababu zinaongeza hatari."

Beldina alikuwa ameshaondoa omena wake. "Sasa tukitupe wapi? Nifagie hapa?"

"Usifagie! Ufagio unarusha vumbi. Msikivunje, wala msikitupe shimoni. Nyunyizieni maji polepole, mkifunike kwa plastiki nzito, mtu asikaribie. Nitawaita watu wenye kibali."

Milka alipiga picha ya lile jina, kisha akampigia simu mwalimu mkuu wa Nyadero. Kumbe mafundi kule walikuwa wakivunja paa kwa nyundo! Walisimamishwa mara moja. Jumatatu walikuja watu wenye kibali, wamevaa barakoa na mavazi maalumu. Walifunga vipande vyote kwa plastiki, pamoja na kile cha Owiti, wakaenda kuvifukia mahali palipotengwa. Kabla ya kuvifunga walipiga picha za majina yote, kama Milka alivyoomba.

Jumanne Owiti aliketi kwenye benchi la hospitali. Picha ya kifua ilipotoka, daktari aliitazama kwa muda mrefu.

"Leo sioni tatizo," daktari alisema. "Sigara basi. Na urudi kila mwaka."

Nje ya hospitali, Owiti alifungua kwenye simu yake picha za majina alizotumiwa na Milka. Alilipita la baba yake, akalipita lake mwenyewe. Alisimama kwenye la Waswa, aliyekuwa akilala kitanda cha jirani shuleni. Akampigia.

"Omera, ndugu yangu Waswa, unakumbuka ulivyokwaruza jina lako pale bwenini?"

Waswa aliangua kicheko. "Nitasahau vipi? Vumbi lilinijaa mdomoni!"

Kicheko kikageuka kikohozi. Owiti alingoja kiishe. Hakikuisha upesi.

"Bado unakaa Nyamasaria?"

"Niko hapa."

"Usitoke. Ninakuja kukuchukua, twende hospitali."