Viriba Elfu Kumi

Lilianza na kiatu. Meneja wa mradi wa kurudisha msitu wa asili, ambaye vibarua walimwita Bwana Picha kwa sababu hakuwahi kushika mche bila mpiga picha kuwepo, alivaa viatu vyake Jumatatu asubuhi akasikia ndani kitu kinachakarika. Akavua, akakung'uta. Hamna kitu. Akavaa tena. Chakachaka, kama nailoni. Mwenye akili angejiuliza. Yeye alimfokea mkewe kwamba soksi zimefuliwa vibaya.

Ngoja niwaambie alikuwa mtu wa namna gani, msije mkamhurumia bure. Mlima wote ulikuwa umebaki kipara, ila miti saba ya asili iliyosalia bondeni, penye chemchemi. Chini ya hiyo saba, Mama Kitalu, msimamizi wa kitalu cha miche, aliokota mbegu miaka mitatu. Akaziotesha kwenye viriba, vile vifuko vyeusi vya nailoni vinavyojazwa udongo, akazimwagilia kwa kopo asubuhi na jioni. Mpaka mgongo ukamkataa.

Siku ya kupanda, Jumamosi ya kabla ya kiatu, walikuja wageni wakubwa. Bwana Picha alishawaahidi miche elfu kumi kwa siku moja. Kufika saa nne, vibarua walikuwa hawajamaliza hata mia sita, maana kila mche lazima uvuliwe kiriba kwanza, polepole, mizizi isikatike.

"Pandeni hivyo hivyo na mifuko yake," akasema.

"Bosi, mizizi haitapata pa kutokea," Mama Kitalu akamwambia. "Itazunguka humo humo mpaka ijinyonge."

"Nani ataona, mama? Kamera inapiga ya juu ya ardhi tu."

Jitu zima na suti yake! Ilipofika jioni, mbali na ile ya asubuhi, miche mingine elfu kumi ilikuwa ardhini imefungwa nailoni, na yeye yuko jukwaani anawalilia wajukuu ambao hawajazaliwa. Wageni wakapiga makofi. Mama Kitalu alikwenda kukaa nyuma ya pipa la maji akalia.

Baada ya kiatu ikaja harufu. Ofisini, kila alipofunga mlango, kulinuka udongo mbichi, ule wa shimo lililochimbwa sasa hivi. Katibu wake akafungua madirisha, harufu ikazidi. Viatu vikaanza kumbana vidoleni. Akanunua viatu vikubwa zaidi, halafu vikubwa kuliko hivyo, akawa anatembea kama bata, na bado anajiona.

Ijumaa mchana, jua kali, wako mezani yeye na mkewe, mke akaweka kijiko chini. Kinywa kikafunguka, lakini sauti iliyotoka haikuwa ya mwanamke yule, wala ya mwanamume.

"Umewazika wanangu na nguo zao."

"Mke wangu," Bwana Picha akanong'ona, "acha utani."

"Miti saba ile ndiyo nyumba yangu. Yule mama alipookota mbegu nilinyamaza, nikijua zinakwenda kuota. Sasa wanalia. Huwasikii? Wavue."

Na kweli akasikia, kwanza chini ya meza, kisha chini ya sakafu, kisha kutoka mbali upande wa mlima, nailoni ikichakarika elfu kwa elfu, kitu laini kikisukuma na kurudi, kikisukuma na kurudi, na alipoinama kutazama miguu yake akaona vidole vimejikunja upande, kimoja kimelala juu ya mwenzake, vyote vikifuata mzunguko mmoja kama vinatafuta mlango, na ngozi juu yake imekuwa nyeusi, nyembamba, inang'aa, akapiga yowe mpaka majirani wakatoka nje. Mke akazinduka hakumbuki neno. Alipoiona ile miguu akaanza kulia, kwa sababu alimpenda, Mungu anajua kwa nini.

Yeye ndiye aliyempeleka kwa mganga, mshona magodoro mmoja mwenye ulimi mkali. Mganga akatazama miguu, akacheka mpaka akakohoa.

"Jini huyu hataki ubani wala kafara. Anataka kazi. Nenda ukavue kila kiriba kwa mikono yako, kabla mvua hazijaisha. Una wiki tatu. Ukishindwa hutatembea tena."

"Vyote elfu kumi?"

"Kwani wakati unavizika vilikuwa vingapi?"

Basi, Bwana Picha akapanda mlimani. Na mpiga picha! Akavua viriba arobaini na moja, safu mbili za kandokando ya barabara, akipiga magoti upande wenye mwanga mzuri. Vidole viwili vya mguu wa kulia vikajinyoosha. Akaona inatosha. Akawaambia vibarua, "Malizieni," akaingia kwenye gari, akafunga vioo.

Wakamalizia, lakini si kwa ajili yake. Mama Kitalu na wenzake walifukua mche mmoja mmoja kwenye tope wiki tatu, wakachana nailoni kwa kucha, wakarudishia udongo. Mvua ya mwisho ilipokatika, kiriba cha mwisho kilikuwa kimetoka. Leo ukipita pale utakuta miti imekupita kimo, na chemchemi imefika hadi barabarani. Bwana Picha aliandika kwenye ripoti, "Nilivua."

Hajakanyaga chini tangu mvua ile ilipokatika. Yuko kitandani, miguu ndani ya blanketi, anamwita mkewe kila saa. Mchana mmoja mke alishika ile ngozi nyeusi kwenye kisigino, akaivuta. Ikatoka nzima, kama kiriba. Akafurahi sana, masikini. Ndani yake kulikuwa na nyingine, inabana zaidi. Akavuta hiyo. Ndani tena nyingine. Alivuta mpaka jua likazama, akampigia simu Mama Kitalu.

"Mama, vimebaki vingapi huko mlimani?"

"Hakuna hata kimoja, mwanangu. Tulivua vyote."

"Sasa mbona bado amefungwa?"

Mama Kitalu alimwonea huruma mke, mume hakumwonea.

"Hesabu wewe. Yeye alivua arobaini na moja."