Pete ya Kushoto

Kila alfajiri, kabla ya kuoga na kuvaa sare ya shule, Sisimizi alikuwa na kazi ambayo hakuna mtoto mwingine mtaani kwao aliyekuwa nayo. Alikaza springi za pikipiki ya mama yake. Jina hilo la Sisimizi alipewa na mjomba wake, kwa kuwa alikuwa mdogo wa umbo na hatulii mahali pamoja.

Mama alisambaza mikate. Alfajiri alifunga makreti nyuma ya pikipiki na kuyapeleka madukani. Mzigo ukiisha, alibeba abiria. Pikipiki yake ilikuwa na shokapu mbili za nyuma, zile za kupunguza mtikisiko, moja kulia na moja kushoto. Chini ya springi ya kila shokapu palikuwa na pete yenye vidato. Ukiizungusha pete hiyo kwa spana iliyopinda kama mundu, springi inakaza au inalegea.

"Springi laini ukiipa mzigo, pikipiki inakaa kitako kama kuku anayeatamia," Mjomba alimfundisha. Mjomba alikuwa fundi wa pikipiki, na gereji yake ilikuwa ukuta kwa ukuta na nyumba yao. "Springi ngumu bila mzigo, kila shimo utalisikia kwenye meno. Kwa hiyo mzigo ukipanda, kaza. Ukishuka, legeza. Lakini kulia na kushoto ziwe kidato kimoja! Zikitofautiana, nyuma inavuta upande, na kwenye kona utalala chini."

"Nimeelewa, Mjomba."

"Umeelewa au umeitikia tu?"

"Nimeelewa, bwana!" Sisimizi akacheka.

Na kweli alielewa. Alifanya kazi ile vizuri mpaka madereva wa pikipiki wakawa wanamtania kwa kumwita fundi mkuu, naye kichwa kikamvimba.

Ikaja asubuhi moja baada ya mvua kubwa. Pete ya kulia ilizunguka bila shida. Ya kushoto ikagoma. Tope lilikuwa limekaukia ndani na kutu imeshika. Sisimizi alisukuma kwa nguvu zake zote; spana ikateleza, akachubuka vidole. Akajaribu tena. Wapi!

Upande wa pili wa ukuta alimsikia Mjomba akisukutua mdomo na kukohoa. Alikuwa macho tayari. Kumwita kungehitaji neno moja tu. Lakini Sisimizi aliona aibu. Fundi mkuu mzima ashindwe na pete?

"Tayari?" Mama aliuliza akitoka na makreti.

Sisimizi alificha vidole nyuma ya mgongo. "Tayari, Mama."

Mama alianguka kwenye kona ya tangi la maji. Mikate ilitawanyika barabarani, na kifundo cha mkono wake wa kulia, ule wa kushikia moto, yaani wa kuongezea pikipiki mwendo, kikavunjika. Sisimizi aliitwa kutoka darasani. Alipofika nyumbani, Mjomba alikuwa amekwenda hospitali na Mama. Pikipiki ilikuwa imeegemezwa uani, kioo kimepasuka, usukani umepinda.

Alisimama akaitazama. Pete ya kulia juu, ya kushoto chini. Yeyote mwenye macho angeona. Akaenda kuchukua spana. Hakukaa kufikiri, aliilegeza ya kulia mpaka ikalingana na ya kushoto, akaifuta kwa kitambaa, akarudisha spana mahali pake.

Jioni Mama alirudi na mkono umefungwa plasta. "Kaka," alimwambia Mjomba, "nyuma ilinivuta. Nilisikia kabisa inanivuta."

"Nyuma nimeangalia, dada. Pete ziko sawa." Mjomba alikuna kichwa. "Labda ni mbele. Jana si ndiyo nilibadilisha oili ya shokapu za mbele? Labda nilizidisha upande mmoja."

Akazifungua shokapu za mbele. Akamimina oili, akaipima, akairudisha. Kesho yake akafungua tena. Sisimizi ndiye aliyemshikia tochi.

Habari hazikukawia. Kijana mmoja dereva, waliyemwita Miluzi kwa kuwa hakufunga mdomo kwa kupiga mluzi, alipewa njia ya Mama ya kusambaza mikate. Akapita mbele ya gereji akisema kwa sauti, "Fundi anayemwangusha dada yake wa tumbo moja, mimi wa kuja ataniacha mzima?" Wenzake wakaangua kicheko. Kuanzia hapo pikipiki mbovu zilisukumwa zikapita gereji ya Mjomba kwenda kwa fundi wa ng'ambo ya soko.

Wachache waliobaki, Mjomba mwenyewe aliwafukuza bila kujua. Alikaza nati, akailegeza, akaikaza tena. Alimaliza kazi, kisha akamkimbilia mteja barabarani: "Hebu simama kidogo, nihakikishe." Nani atampanda farasi ambaye mwenye zizi anamwogopa? Hivyo ndivyo watu walivyosema, na Sisimizi alisikia. Kila siku alijiambia atasema kesho. Kesho ikifika, aliahirisha tena.

Jumamosi moja alimkuta Mjomba akipanga spana zake ndani ya sanduku la mbao, kubwa kwa ndogo.

"Unahama, Mjomba?"

"Nauza. Yupo mtu anakuja kuzichukua. Nitaomba kazi ya ulinzi, lango halina oili." Alijaribu kucheka, akashindwa. "Mkono umekosea, Sisimizi, na haujui umekosea wapi. Mkono wa hivyo haufai kushikia maisha ya watu."

Sisimizi aliangalia mikono ile. Ilikuwa inapanga na kupangua chuma ilichokijua miaka yote.

"Si wewe," alisema. "Ni mimi. Pete ya kushoto ilikwama. Nikakaza ya kulia peke yake, nikamwambia Mama tayari."

Mjomba hakunyanyua kichwa. "Mimi nilizikuta sawa."

"Nilizisawazisha mlipokuwa hospitali."

Nje mtu alipita na baiskeli akapiga kengele.

"Nimezifungua zile shokapu usiku na mchana," Mjomba alisema taratibu, "na wewe umenishikia tochi."

Sisimizi alilia. Mjomba hakumbembeleza.

Mama aliyasikia yote kutoka mlangoni. Hakupiga kelele wala hakuinua mkono wake mzima. "Kesho utayasema hayo kwenye tanuri la mikate, mbele ya wote," alisema, "maana huko ndiko wanakokutana waliomcheka kaka yangu."

Asubuhi, mbele ya Mjomba na madereva waliokuwa wakipakia makreti, Sisimizi alisema yote kwa sauti ndogo. Miluzi akakata mluzi wake. "Aa, mtoto kafundishwa huyu! Fundi kaona njaa, kamsukumia mpwa wake mzigo."

Hilo lilimchoma Sisimizi kuliko kipigo. Alikuwa amesema kweli, na kweli yenyewe imekataliwa!

Mjomba akamwendea Miluzi. "Leta yako. Nikaze upande mmoja, tupakie makreti, uzunguke hapa uani polepole. Polepole, nimesema." Miluzi akapanda kwa mbwembwe. Kwenye mzunguko wa kwanza nyuma ikamvuta, akateremsha miguu yote miwili haraka, makreti yakagongana. Alishuka uso umemsawajika. Hakuna aliyecheka.

"Samahani, fundi," alisema.

Mjomba hakuuza vifaa vyake. Wateja walirudi, mmoja leo, mwingine wiki ijayo, ingawa wengine walikwisha kuzoea ng'ambo ya soko. Njia ya mikate ilibaki kwa Miluzi. Plasta ilipotolewa, kifundo cha Mama hakikugeuka sawasawa. Hakuweza tena kushika moto wa pikipiki siku nzima. Mwoka mikate akampa kazi ya kuuza dirishani. Pikipiki ikauzwa.

Siku walipoikabidhi kwa mnunuzi, Sisimizi alisimama karibu na Mjomba. "Umenisamehe?" aliuliza.

Mjomba alifuta mikono kwa kitambaa.

"Pete kukwama si kosa lako. Ile kutu ningeiondoa kabla chai haijachemka. Ungesema tu, 'Mjomba, imenishinda.' Hakuna fundi ambaye hajawahi kusema hivyo, na asiyetaka kusema hivyo asiguse chombo cha mtu. Ulificha jambo dogo. Kisha likahitaji kufichwa kwa jambo kubwa zaidi, na hilo kubwa likatulia juu ya kichwa changu."

"Lakini umenisamehe?"

"Kusamehe nimesamehe, mwanangu. Kukuamini ni kazi nyingine. Kila utakachokaza, nitakuja nyuma yako nikague, na itachukua muda. Usinune."

Sisimizi aliitikia kwa kichwa. Mama alikuwa ameshaingia ndani. Hakutaka kuiona pikipiki ikiondoka.