Abiria wa Daraja la Usa

Asubuhi ile ilianza kama nyingine zote. Ndesanjo, dereva wa basi la Avtar Singh, alijaza maji kwenye rejeta, akapiga honi, na abiria wa Moshi wakagombania mlango pale Arusha mjini. Ilikuwa enzi za Mwingereza. Kwa miaka mingi basi lile lilikuwa peke yake njia hiyo, na bodi yake Avtar aliichonga mwenyewe. Kisha tajiri mmoja, Zulfikar, akaleta mabasi mapya yenye mbio, na Avtar akageuka mtu wa chuki. Kila safari alikaa nyuma ya dereva, akimkataza kumngoja yeyote.

Siku hiyo walimpakia mzee Lengai, mgonjwa wa kifua, aliyekuwa akipelekwa hospitali na mkewe Nanyori. Walipopita Makumira mzee akaanza kutapika damu. Abiria wakaziba pua, wakanung'unika, wakataka ashushwe. Kwenye kioo Ndesanjo aliliona basi la Zulfikar likiwakaribia. Akasita.

"Washushe," Avtar akasema.

Wakashushwa kwenye daraja la Usa, mvua ikinyesha. Hakuna aliyewasaidia, abiria mmoja aliusukuma mzigo wao nje kwa mguu. Nanyori hakulia wala hakuomba. Alimlaza mumewe kwenye nyasi, akasogea dirishani kwa dereva, akasema taratibu:

"Gari litafika, baba. Ninyi hamtafika."

Kesho yake wakasikia mzee alikata roho palepale. Nanyori hakuonekana tena.

Haukupita muda, mwalimu Elisaria akalipanda basi lile pale Tengeru. Ndugu zake walimngoja Moshi, mlangoni mwa basi. Hakushuka. Kwenye kiti chake ilibaki kofia, na muhindi wa kuchoma aliokwisha kuuma. Ulikuwa bado wa moto.

Akafuata mama mmoja mchuuzi wa ndizi. Kisha wawili kwa mpigo. Polisi walilipekua basi, wakang'oa hata mbao za sakafu, wasipate kitu. Uvumi ukawaka mjini kwamba lile ni basi la mumiani, na Kalasinga anauza damu za watu. Ndugu za Elisaria wakalipiga mawe. Sokoni wanawake walimtemea Ndesanjo mate. Abiria wote wakahamia kwa Zulfikar, na basi lililokuwa likigombaniwa likawa linaondoka tupu.

Avtar hakukubali. Alitangaza kwamba atapanda peke yake mpaka Moshi na kurudi, watu wamwone kwa macho yao. Anyesi, mke wa Ndesanjo, alimsihi mumewe asiende. Lakini Avtar alishaapa kwamba dereva akikataa, atawaambia polisi kuwa yeye ndiye aliyewaua wale watu. Ndesanjo akawasha gari.

Njia nzima Avtar alitukana. Alimtukana Zulfikar, akawatukana abiria, akamtukana hata Lengai kwa kufa. Makumira ikapita. Daraja likatokea, ukungu umelala juu ya maji. Ndesanjo akakanyaga mafuta. Mbao za daraja zikalia.

Tusi likakatika katikati.

Ndesanjo hakugeuka. Alitazama kioo. Kiti kilikuwa kitupu. Kilemba cha Avtar kilikuwa sakafuni, kimefunguka, kimenyooka kuelekea mlango wa nyuma. Kilikuwa kinavutwa. Polepole. Kikaishia nje.

"Bwana?" akanong'ona.

Alifunga breki, akaruka, akakimbia bila kuangalia nyuma mpaka alipokuta watu. Jua lilikuwa limeshapanda aliporudi na askari na wakulima wachache. Basi lilisimama pale pale alipoliacha. Ndani hapakuwa na mtu.

Pembeni mwa daraja, kwenye tope, palikuwa na nyayo. Zilijipanga mstari mmoja, vidole vikielekea barabarani, kama za watu wanaongoja gari. Nyingine za miguu mitupu, nyingine za viatu, na mwishoni kabisa za buti kubwa za Avtar. Hapakuwa na alama ya mtu kufika pale, wala ya mtu kuondoka. Askari mmoja akasema kwa sauti ya chini wasizikanyage.

Ndesanjo alizitazama moja moja. Kabla ya buti za Avtar mstari ulikuwa umeachwa wazi, nafasi ya kumtosha mtu mmoja. Tope la hapo lilikuwa limesawazishwa vizuri, kwa kiganja.