Kibuyu cha Bibi Genoveva

Kibuyu kilichokaa kabatini kwa Padri Wayne zaidi ya miaka sitini kilianza kutoa jasho Jumanne, baada ya chai ya saa nne. Benadetha, mhudumu wake pale kwenye nyumba ya mapadri wastaafu, Wheaton, huko ughaibuni, alikipangusa, kikalowa tena. Chumba kikanuka kahawa ya kutafuna, ile ya kwao Karagwe.

Padri alikuwa taabani. Ujana wake aliumalizia kule Karagwe, mpakani, akijenga kanisa, shule na zahanati palipokuwa pori, na sharti lake lilikuwa moja: anayetaka ubatizo alete kwanza vitu vya mizimu vichomwe. Kibuyu hiki hakukichoma, alikihifadhi, kwa sababu katekista wake, Respicius, alimwambia kuwa mkewe amekileta mwenyewe, tena kwa furaha.

Respicius alikuwa babu yake Benadetha. Na kwao kila mtu alijua kwamba alikiiba mkewe akiwa migombani, maana katekista mwenye mke wa mizimu angepoteza kazi. Bibi Genoveva alibatizwa, akampikia mumewe miaka arobaini, wala hakumtazama tena usoni.

"Benadetha, mwanangu," Padri alinong'ona, "yule mama alikileta mwenyewe, sivyo? Tangu asubuhi namsikia akitembea."

Benadetha naye alizisikia nyayo, za mtu peku, zikizunguka kitanda na kuja kusimama nyuma ya kiti chake, na harufu ya kahawa ikampumulia shingoni, naye akawaza aibu ya babu, akamwonea huruma mzee anayekata roho, akajua kabisa kwamba anayesubiri jibu si Padri peke yake.

"Ndiyo, Padri. Alikileta mwenyewe."

Padri alitabasamu. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amefariki, na kibuyu kilikuwa kikavu.

Kwenye treni Benadetha alisali rozari, roho ikimsuta, akiahidi kuungama Jumamosi. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa vituo viwili tu, Wheaton hadi Silver Spring. Harufu ile ilimpokea mlangoni kwake.

Binti yake Queen, mzaliwa wa huku ughaibuni, ambaye ukimsemesha Kiswahili hujibu kwa Kiingereza, alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha kama wanavyoketi bibi wa kwao, anatafuna kitu. Benadetha alimwita mara tatu.

"Sikukileta mimi," mtoto alisema kwa Kiswahili, bila kumtazama mama yake usoni.