Halua ya Kesi ya Baba Yunus

Nekbakht alikaanga unga kwa mafuta, akatia sukari na iliki. Sisi Wahazara wa Afghanistan halua hii tunaipika mtu akifa. Aliijaza kwenye sahani ya buluu, akampelekea jirani yake, Mama Masuma, hapa hapa mtaani kwetu Dandenong, Australia.

Mama Masuma aliitazama ile sahani, akashtuka. "Nani kafa?"

"Kesi ya Baba Yunus," alisema Nekbakht, na machozi yakamtoka.

Baba Yunus ni mumewe, Ewaz. Alinyimwa viza ya ukimbizi. Akaiomba mahakama ya juu kabisa iutazame upya uamuzi huo. Juzi barua ilikuja: kesi imepelekwa mahakama ya chini. Ewaz aliificha barua chini ya godoro, akaacha kwenda kazini. Kwetu Jaghori kesi hupanda, kutoka kwa wazee hadi wilayani, mpaka Kabul. Ukirudishwa chini, umefukuzwa. Hivyo ndivyo tulivyokua tukijua, na hilo ndilo lililomponza.

"Ilete hiyo barua," alisema Mama Masuma. Yeye ni mkalimani katika kituo cha msaada wa kisheria, na uvumilivu wake ni mdogo. "Na huyo marehemu mwenyewe aje."

Ewaz alikuja. Alikaa karibu kabisa na mlango, kama mgeni asiyestahili chai.

"Baba Yunus, kesi yako haijafutwa. Imehamishwa."

"Mama Masuma, usinibembeleze. Wameitupa chini."

"Nani anakubembeleza? Mahakama ya juu ina majaji wachache. Kesi kama yako huipa mahakama ya chini, nayo ina uwezo wa kuiamua. Karatasi zako zimekwenda huko. Huanzi upya."

"Na huko watasema mimi ni mkimbizi?"

"Hapana. Jaji atauliza jambo moja tu: aliyekunyima viza alifuata sheria? Kama hakufuata, ombi lako litaamuliwa upya. Sasa soma hapa. Hii ni tarehe ya kufika."

Zilikuwa zimebaki siku tisa.

"Usipofika, kesi inaweza kufutwa. Hapo ndipo mpike halua."

Ewaz alifunika uso kwa viganja. "Kaka yangu alitolewa ndani ya basi na wenye bunduki, njia ya Ghazni," alisema. "Hatukumwona tena. Nikirudishwa, njia ya kwetu ni ile ile."

Nekbakht alimshika bega.

Kesho yake walikwenda kituoni. Wakili alisoma karatasi zote. Aliyeamua ombi alikuwa ametegemea ripoti kuhusu kijiji cha Ewaz, na Ewaz hakuonyeshwa ripoti hiyo wala kupewa nafasi ya kuijibu. Wakili aliiandikia mahakama, akaomba na mkalimani wa bure. Siku ya tisa Ewaz alifika mahakamani mapema, amevaa koti la harusi yake.

Baada ya miezi minne jaji alitoa hukumu. Sheria haikufuatwa. Ombi liamuliwe upya.

"Nimepata viza?" Ewaz aliuliza.

"Bado," alisema wakili. "Lakini safari hii watakusikiliza."

Jioni Mama Masuma alibisha hodi. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Ile ya buluu ilijaa bolani, mikate yetu ya kujazwa viazi, ingali moto.

"Ile halua niliwapa ndege," alimwambia Ewaz. "Mimi sili halua ya mtu aliye hai."