Mihogo ya Wifi Miriamu

Pelagia alikuwa akianika dagaa nyuma ya kibanda chake Musoma simu ilipolia. Aliyepiga ni Miriamu, mke wa kaka yake, kutoka Buswahili.

"Wifi, tuko kituo cha afya. Robi anatapika. Kichwa kinamzunguka, hata kusimama hawezi."

"Mtoto kala nini?"

"Ugali wa muhogo tu."

Jirani wa kibandani alisikia. Alichukua fimbo ya kufukuzia kunguru, akakaa kando ya dagaa. "Nenda tu," alisema.

Pelagia alimkuta Robi amelala, dripu mkononi. Daktari alisema atapona. Miriamu alikuwa akimpangusa mtoto uso, tena na tena, ingawa ulishakauka.

"Mihogo mliitoa wapi?" Pelagia aliuliza.

"Mahindi yalikauka, jirani akatugawia mihogo michungu. Mimi kwetu Nyamuswa tulikulaga mtama, muhogo ningeujulia wapi? Nikatazama kwenye simu. Wameandika menya, anika, twanga."

"Hukuiloweka?"

"Kuloweka hawakuandika, wifi."

Pelagia aliomba simu, akausoma ukurasa. Aliujua ukurasa ule. Ulikuwa wa kamusi elezo ya mtandaoni, ile inayoandikwa na watu wa kawaida kwa kujitolea. Zamani yeye na wenzake walikutana kila Jumamosi kwenye maktaba ya parokia kuiandika. Yeye mwenyewe aliwahi kuandika kwamba muhogo mchungu una sumu, lazima ulowekwe. Mtu asiyemjua akayafuta maneno yake, akaacha jibu fupi: "Hakuna chanzo." Pelagia alinuna. Hakurudi tena.

Robi alipopata nafuu, Pelagia alikwenda maktaba. Stellah, mtunza maktaba, alikuwa peke yake. Mabenchi yalikuwa na vumbi.

"Kumbe upo! Nilidhani dagaa wamekumeza," Stellah alimtania.

Pelagia hakucheka. Alimweleza habari za Robi. Stellah akaenda kuchemsha chai.

"Wenzetu wako wapi?" Pelagia aliuliza.

"Wengine walifutiwa kama wewe, wakaondoka. Wengine siku hizi wanaiuliza akili bandia ya kwenye simu, inawajibu papo hapo. Hawajui kwamba simu nayo hujifunza kwa yale yaliyoandikwa na watu. Tukiacha kuandika, kosa linabaki, na simu inalirudia." Alimsogezea kikombe. "Na mimi nilikuona umenuna, sikukufuata. Hilo linaniuma."

"Lakini nilisema kweli, Stellah. Mama yangu alinifundisha."

"Ni kweli. Ila msomaji wa Kigoma hamjui mama yako. Chanzo kinamwezesha kuhakikisha mwenyewe. Aliyefuta angekuuliza kwanza. Na wewe ungemjibu."

Stellah alileta kijitabu cha kilimo. Walisoma pamoja: menya, loweka kwenye maji siku kadhaa mpaka muhogo ulainike, mwaga maji, anika ukauke kabisa, ndipo utwange. Pelagia aliandika upya, akataja kijitabu na ukurasa wake. Safari hii maneno hayakufutwa.

Kisha waliwatafuta wenzao wa zamani. Simu nyingi hazikupatikana. Mama mmoja wa Bunda alijibu: "Nilidhani hamnihitaji tena. Sasa macho yangu hayaoni vizuri." Pelagia aliusoma ujumbe ule mara mbili.

Miriamu alianza kuloweka mihogo. Robi alirudi shuleni. Siku moja Miriamu alipiga simu akicheka: "Wifi, nimewasomea majirani ukurasa wako. Wanasema unaandikaga kama mwalimu!"

Pelagia sasa huenda maktaba kila Jumamosi. Mabenchi bado ni matupu. Lakini juzi aliona maandishi mapya kuhusu kutibu ng'ombe, ya mtu wa Buhemba anayeitwa Bonifasi. Hayakuwa na chanzo. Kidole cha Pelagia kilikwenda penye kufuta, kikasimama. Badala yake aliandika:

"Karibu, Bonifasi. Asante kwa kazi yako. Haya umejifunza wapi? Tutafute chanzo pamoja."

Jibu lilikuja kabla chai haijapoa.

"Kumbe humu kuna watu! Nilikuwa nakaribia kuacha."