Saini ya Bi Vipuri

Ukumbi wa mizigo wa uwanja wa ndege ulikuwa umefurika asubuhi ile. Mawakala walisukumana, foklifti zilipiga honi, na katikati ya vurugu mwanamke mwenye suti ya kijivu na buti nyeusi alikuwa amekalia kreti kana kwamba ni kochi la kwao.

"Dada, kreti hilo ni la jeshi la anga," rubani mmoja alimwambia, kofia kwapani. "Nimetumwa kulichukua."

"Na mimi ndiye niliyeliagiza, Kapteni. Miezi minne nalisubiri. Ukilitaka, utanibeba nalo."

"Uzito wa kreti naujua. Wako je?"

"Huo ni siri ya jeshi."

Rubani alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

Mwanamke huyo alikuwa mhandisi mkuu wa vipuri na matengenezo ya helikopta za uokoaji za jeshi hilo. Mafundi walimwita Bi Vipuri. Kila bolti alijua imetoka wapi, itachoka lini na mbadala wake uko wapi. Bila saini yake, helikopta hairuki.

Penzi halikukawia. Simu hazikupoa.

"Umetua salama, mpenzi?"

"Nimetua, ila moyo bado uko angani."

"Uteremshe taratibu. Sina kipuri chake."

Kisha mvua zikanyesha wiki nzima, mto ukavunja kingo, watu wakakwama juu ya mapaa. Rubani alikuwa tayari kuruka ilipofika amri: helikopta yake isiondoke. Chini ya amri hiyo, saini ya Bi Vipuri.

"Mpenzi wako anakuogopea mvua," mwenzake alimchokoza. Wengine wakacheka.

Akampigia Bi Vipuri. "Umeniaibisha. Watu wanazama, wewe unanifungia ndani kama kuku?"

"Beringi ya panga la nyuma ina hitilafu. Taarifa ya kiwanda imeingia alfajiri."

"Ungeniambia mimi kwanza."

"Kwa cheo gani? Cha mpenzi?"

Rubani akakata simu.

Bi Vipuri alifuta machozi kwa mkono wa koti, akashika simu nyingine. Aliwabembeleza wakuu wa kikosi cha mafunzo mpaka wakampa beringi zao zisizo na kasoro, na saa tano asubuhi zikafika. Fundi mkuu alipoifungua ile ya zamani, akamwita rubani.

"Tazama, mwanangu." Ufa mwembamba kama unywele ulikuwa umeizunguka. "Ingekuachia ukiwa juu. Na amesimamisha helikopta tatu, si yako tu. Hata orodha ya marubani hakuwa nayo aliposaini."

Beringi mpya ilipofungwa na saini kutoka, rubani aliruka, na hadi jua kuchwa alikuwa ameokoa watu arobaini na mmoja. Aliposhuka, alikwenda moja kwa moja ghalani kwa Bi Vipuri, matope hadi magotini.

"Nimekukosea. Nilisikiliza vicheko vya watu kuliko wewe."

"Na mimi nilikujibu kiofisi. Sikukwambia kwamba nilitetemeka."

"Nataka kukuoa."

Mafundi wakaacha spana zao. Bi Vipuri alimtazama, grisi shavuni, macho yakimng'aa.

"Ndege yako nitaikagua kama ya mtu mwingine yeyote. Utavumilia?"

"Maisha yangu yote."

"Basi oga kwanza," alisema, akitafuta namba kwenye simu. "Mama anataka kujua mkwe wake anakuja lini, na siwezi kumwambia uko hivi."